Diski Zetu za Zamani na Majina Yaliyobaki Njiani

Wasomaji wa kijitabu hiki wamezoea kukuta ndani yake habari za lokole, za ndoa, za matanga na za uvuvi. Safari hii tumechagua kitu ambacho wengi watasema si cha mababu: diski ya muziki, ile sahani nyeusi inayozunguka chini ya sindano. Pingamizi hilo tunalijua. Diski ilitoka Ulaya, gitaa lilitoka Ulaya, na rock, ambayo vijana wa miaka ya 1970 waliipenda kupita kiasi, ilitoka Marekani. Lakini mhogo nao ulitoka ng'ambo ya bahari, na leo ni nani katika Yahuma atakayekuambia kwamba kwanga si chakula cha kwetu?

Tena kuna sababu ya kusema sasa hivi. Huko Ulaya na Marekani watu wanatafuta diski za zamani za Kongo kama wengine wanavyotafuta almasi, na makampuni madogo yanazitoa upya. Ni kazi nzuri, tusiwe wenye kijicho. Ila ukisoma maandishi ya majalada yao, utadhani nchi yetu yote ni Kinshasa peke yake, na kwamba kutoka Mbandaka kupanda juu mpaka maporomoko ya Wagenia hapakuwa na mtu aliyeimba wala aliyesikiliza.

Tuanze na mto, maana kila kitu kilikuja kwa mto. Mwaka wa 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha studio Ngoma katika Léopoldville. Baada yake zikaja Opika, na Loningisa ya akina Papadimitriou mwaka wa 1950. Walikuwa wafanyabiashara kabla ya kuwa watu wa muziki, na walijua kwamba mtu mwenye mshahara atanunua gramafoni, kiisha atahitaji diski za kuweka juu yake. Kwetu mishahara ilitoka hasa kwenye mashamba ya mawese. Shamba la Elisabetha, ambalo leo linaitwa Lokutu, lilikuwa la Huileries du Congo Belge, na ardhi yake inagusa Basoko, Isangi na Yahuma. Wakati huo diski zilikuwa za mizunguko 78, nzito, na zilivunjika kama sahani ya udongo. Mtu aliyeifikisha yake salama kutoka bandarini, kwa pirogi na kwa kinga, alikuwa na haki ya kuita majirani.

Watu walikuja pia, si diski tu. Ngoma ilizungusha waimbaji wake ndani ya nchi kutangaza bidhaa: Léon Bukasa, Manuel d'Oliveira na Wendo, ambao kwa herufi za majina yao waliitwa Trio BOW. Huyo Wendo Kolosoy alikuwa amefanya kazi ya mekanisiani kwenye mashua kabla ya kujulikana, kwa hiyo mto aliufahamu vizuri. Wimbo wake wa 1948, "Marie-Louise", aliopiga na Henri Bowane, ulivuma mpaka watu wakasema kwamba ukipigwa saa sita ya usiku unafufua wafu. Padri hawakucheka. Inasimuliwa kwamba Wendo alilazimika kuondoka Léopoldville, na kwamba Wabelgiji walimfunga kwa muda mfupi hapa kwetu Stanleyville. Basi mji wetu umo ndani ya historia ya wimbo wa kwanza mkubwa wa nchi, lakini umo kwa mlango wa gereza!

Neno rock liliingiaje katika mambo haya? Mwaka wa 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika na kampuni CEFA, akiwa na gitaa la umeme, na wengi wanamtaja kuwa yeye ndiye aliyelifungulia njia Léopoldville. Kutoka hapo sauti ya gitaa ilikuwa kali zaidi, na vijana waliipenda hivyo. Ndiyo maana kampuni Crammed Discs ya Brussels, ilipotoa upya nyimbo za Loningisa za miaka ya 1953 hadi 1955, kazi iliyoandaliwa na Vincent Kenis, iliita mkusanyiko huo "Roots of Rumba Rock". Wamoja wanaona jina hilo ni la kuuzisha tu. Sisi tunaona lina ukweli, kwa sababu vijana walioanzisha Zaïko Langa Langa mwaka wa 1969 walifanya kile kile ambacho vijana wa rock walikifanya kwao: walifukuza saksafoni, wakaweka gitaa mbele na ngoma nyuma, wakapiga kelele. Wazee walilalamika. Leo vijana hao ndio wazee wanaolalamika.

Diski hizo zote zilikwenda wapi? Pigo la kwanza halikuwa vita. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Mobutu ilitangaza zaïrianisation, na magazini ya Wagiriki na Wareno yaliyokuwa yakiuza chumvi, vitambaa, sindano za gramafoni na diski yakapewa wenyeji. Mengi yalibaki na rafu tupu kwa muda mfupi sana. Kiisha kaseti zikaja, rahisi, za kunakiliwa nyumbani, na hakuna aliyetaka tena kubeba sahani. Meli nazo zikapungua. Mwisho vita: kutoka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigania Kisangani, yakarusha makombora kwa maelfu juu ya nyumba za watu. Raia kwa mamia walikufa, na si vizuri kulilia diski mbele ya maiti. Tunaandika tu kwamba katika nyumba zilizoungua kulikuwa na masanduku, na ndani ya masanduku kulikuwa na sauti.

Zilizopona zilibaki kwa mchwa, kwa joto linalozipinda, na kwa wanunuzi. Mnunuzi anafika, anapekua, anachagua tano, anatoa noti, anakwenda. Kwa mwenye nyumba ni uchafu uliogeuka kuwa feza ya shule, na hatuwezi kumlaumu. Lakini angalia kitu kimoja: mnunuzi anachukua diski, haulizi swali. Ilinunuliwa wapi? Nani alikuwa akiicheza, kwa sikukuu gani? Yule mpiga gitaa ambaye lebo haimtaji, watu wa hapa walimjua kwa jina gani? Maneno hayo yanabaki kwa mzee mwenye nyumba, na mzee haishi milele.

Hapo tunakumbuka lokole. Msioneri John Carrington, aliyekaa miaka mingi Yalemba na Yakusu na kuandika kitabu cha lokole kilichotoka 1949, alieleza jambo ambalo Walokele walikuwa wakilijua tangu zamani: kwenye lokole mtu haitwi kwa jina tupu. Anaitwa kwa jina lake la ngoma, na jina la baba yake, na la upande wa mama yake, ili msikilizaji wa mbali asikosee ni nani. Diski ilifanya kinyume. Ilipeleka sauti mbali kuliko lokole yoyote, lakini njiani ikaangusha majina.

Si kila aliyerekodi alifanya hivyo. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alizunguka kaskazini ya Kongo ya Wabelgiji na mashine zake, akirekodi vijijini, na kwa kila wimbo aliandika lugha, mahali, ala na waimbaji. Kazi hiyo ilibaki katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka wa 1954, na baadaye Michael Baird wa Uholanzi, kwa lebo yake SWP, aliitoa upya. Mmoja wa mikusanyiko hiyo unaitwa "On the Edge of the Ituri Forest". Ajabu ni hii: nyimbo za msituni, ambazo hakuna aliyetegemea zitauzwa, zinajua kijiji chao; nyimbo za studio, zilizouzwa kwa maelfu, mara nyingi hazijui hata mpiga besi wao. Karatasi ndogo ya Tracey ndiyo iliyoleta tofauti hiyo.

Majirani zetu wa Zambia wanatufundisha kitu kingine. Kule, miaka ya 1970, vijana wa Lusaka na wa miji ya shaba walipiga rock kabisa, na gitaa la kuunguruma, na leo wanaiita Zamrock. Kundi WITCH lilitoa "Lazy Bones!!" mwaka wa 1975, na Amanaz wakatoa "Africa" mwaka ule ule. Kiisha bei ya shaba ikaanguka, muziki ukafa, na baadaye UKIMWI ukawaondoa wengi wa wapigaji wenyewe. Miaka mingi ikapita. Makampuni kama Now-Again ya Marekani yalipotoa upya diski hizo, mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, ambaye wote wanamwita Jagari, alikuwa bado hai. Aliulizwa, akajibu, alisema nani alipiga nini. Akapanda tena jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka wa 2023 kundi likatoa diski mpya, "Zango". Tofauti yote iko katika mtu mmoja aliyekuwa hai wakati swali lilipofika.

Kwetu swali linachelewa. Kwa hiyo tunawaomba wenye diski, hata zilizopasuka, hata zisizo na jalada, wasiziuze kabla ya kuandika. Si kazi ya profesa. Chukua daftari. Andika yaliyo kwenye lebo kama yalivyo, hata makosa yake. Angalia pia sehemu laini karibu na lebo, pale ambapo sindano hugeuka: kuna namba iliyokwaruzwa kwenye plastiki, na hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa ya diski, maana lebo inaweza kubandikwa vibaya, namba si rahisi. Baada ya hapo mkalishe mzee, mpe kiti kizuri, muulize yale maswali ambayo mnunuzi hakuuliza. Kama gramafoni imekufa si kitu. Mzee akiona jalada ataimba mwenyewe.

Tutoe mfano wa mwisho, na ni mfano unaotuuma. Elisabeth Finant alizaliwa hapa Stanleyville tarehe 9 Novemba 1954. Baba yake, Jean-Pierre Finant, mfuasi wa Lumumba, alikuwa rais wa kwanza wa Jimbo la Mashariki, na aliuawa Bakwanga mwezi wa Februari 1961. Mtoto alikua Kinshasa. Mwaka wa 1971 alishindana katika mashindano ya vipaji vya vijana, na Gérard Akueson, mtu wa Togo, akamwona, akawa meneja wake na baadaye mume wake. Dunia ilimjua kwa jina la Abeti Masikini.

Diski yake kubwa ya kwanza ilitoka Paris mwaka wa 1973, chini ya jina la mshonaji maarufu: "Pierre Cardin présente Abéti". Mwaka huo aliimba Olympia, na mwaka wa 1974 Carnegie Hall huko New York. Mtu akisikiliza diski hiyo akitegemea rumba ya Kinshasa atashangaa. Kuna soul, kuna blues, kuna gitaa la rock, na kuna sauti inayopanda bila kuomba ruhusa. Aliimba Kilingala, aliimba Kifaransa, na aliimba pia Kiswahili, lugha ya mji aliozaliwa. Kundi lake, Les Redoutables, lilikuwa shule: Mbilia Bel alipita humo kabla ya kwenda kwa Tabu Ley, na Lokua Kanza alipiga gitaa humo.

Mwezi wa Septemba 1974, kabla ya ngumi za Ali na Foreman, kulikuwa na tamasha la siku tatu Kinshasa. James Brown alikuja, B.B. King alikuja. Abeti aliimba, na kaka yake Abumba Masikini pia. Watoto wawili wa Kisangani jukwaa moja na wakubwa wa dunia. Kanda za waimbaji wa Afrika wa tamasha hilo zilikaa zimefungwa miaka 43, zikatolewa mwaka wa 2017 kwa jina "Zaire 74". Mwaka wa 2021 UNESCO ikaandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na wengi tulifurahi, ingawa Abeti hakuingia vizuri katika neno rumba. Tena mwaka wa 2024 kampuni Analog Africa ikatoa mkusanyiko "Congo Funk!", na Abeti yumo. Soma basi maneno ya chini ya jina la mkusanyiko huo: Kinshasa na Brazzaville, 1969 hadi 1982. Hawakudanganya, maana kazi yake ilikuwa Kinshasa. Ila kijana wa Isangi au wa Yahuma atakayenunua diski hiyo, au atakayeipata kwenye telefone, hataona popote juu ya jalada kwamba mama huyu ni wa mto wake.

Kuna mama katika Kisangani, wa umri wake, waliocheza nyimbo zake wakiwa wasichana, na wamoja walijua nyumba ya Finant kabla ya 1961. Yeye mwenyewe hatutamuuliza tena. Alikufa Ufaransa tarehe 28 Septemba 1994, akiwa na miaka 39, na kanda za tamasha la Kinshasa zilikuwa bado zimefungwa.