Tairi la Saba

Gari-nyumba kubwa la Kimarekani, lile lenye kitanda, jiko, bafu na choo ndani yake, hutembea juu ya matairi sita: mawili mbele, na manne nyuma yaliyofungwa pachapacha. Mnunuzi anayelichukua leo hukabidhiwa mwongozo wa jenereta, wa friji na wa tangi la maji machafu, lakini akiuliza tairi la saba liko wapi, mara nyingi ataambiwa halipo. Halikusahaulika. Watengenezaji wengi wa magari ya kimo hicho waliacha kuliweka kwa makusudi, na mwenye gari akabakiziwa simu na namba ya kuita msaada. Nadai kwamba uamuzi huo ulitokana na kuisoma vibaya historia. Tairi la akiba halikuletwa na udhaifu wa matairi ya zamani peke yake. Lililetwa na umbali wa msaada. Matairi yameimarika sana tangu wakati huo, lakini umbali bado upo, hasa kwa gari ambalo kazi yake ni kumtoa mtu mjini na kumpeleka mbali.

Tairi la upepo lilipata soko baada ya John Boyd Dunlop kupata hataza yake mwaka 1888, akiwa Belfast, na kwanza lilikuwa la baiskeli. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, walilivisha gari na kuliingiza katika mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi, safari ya karibu kilomita 1,200. Walimaliza nje ya muda, wakiwa wametumia tyubu 22 za akiba. Tabu haikuwa pancha tu. Barabara zilikuwa za farasi, zimetapakaa misumari ya kwato, na gurudumu la gari lilikuwa la mbao, limefungwa kwenye ekseli lisiweze kutolewa kirahisi. Pancha ikitokea, dereva alipiga magoti palepale, akabandua tairi kwenye rimu kwa vyuma, akatoa tyubu, akasugua, akapaka gundi, akabandika kiraka, akarudisha vyote na kujaza upepo kwa pampu ya mkono. Mvua au giza havikumpa nafuu. Alice Ramsey, mwanamke wa kwanza kuendesha gari kutoka New York hadi San Francisco, alibadilisha matairi mara 11 katika safari hiyo ya siku 59 mwaka 1909. Wasafiri wa zama hizo walibeba matairi matupu na tyubu, wakavifunga ubavuni mwa gari kama mizigo mingine. Akiba ilikuwepo, ila kazi yote ilibaki kufanyiwa njiani.

Mabadiliko yalitoka Llanelli, mji mdogo wa Wales. Mwaka 1904 Thomas Morris Davies, akishirikiana na nduguye Walter, alitoa gurudumu la akiba lililopewa jina la mtaa wa karakana yao, Stepney. Lilikuwa rimu isiyo na spoku, imekwisha kuvishwa tairi na kujazwa upepo. Dereva alilibana kwa vibanio ubavuni mwa gurudumu lililotoboka, akaondoka. Ningependa msomaji alitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu hoja yote imelala hapo. Chombo cha akina Davies hakikuzuia pancha wala hakikuiziba. Kiliihamisha. Kiliitoa pancha porini kwenye matope na kuipeleka mahali penye taa, meza na fundi. Ndiyo sababu kiliuzwa nchi nyingi kwa kasi kubwa, na ndiyo sababu hadi leo dereva wa India, Bangladesh au Malta akitaja "stepney" ana maana ya tairi la akiba, na Mbrazili huliita "estepe". Sisi tulikwenda njia mbili: mtaani tukasema spea, na kwa lugha yetu wenyewe tukasema akiba, neno la mtu anayeijua kesho.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Katika Grand Prix ya Ufaransa mwaka 1906, huko Le Mans, Ferenc Szisz alishinda akiendesha Renault yenye rimu za kufunguka, na kazi ya robo saa ikawa ya dakika chache. Gurudumu zima la kufungua kwa nati likafuata, na gurudumu la Stepney lenyewe likapitwa na wakati. Umma ulichelewa kuonja raha hiyo. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilipata rimu za kufunguka mwaka 1919 tu.

Gari-nyumba lilizaliwa ndani ya kipindi hichohicho. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha gari lake la kulala ndani katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa matajiri. Mwaka 1919 watu wa kipato cha kawaida walikusanyika Tampa, Florida, na kuanzisha chama cha Tin Can Tourists, wakilala kwenye mahema na magari waliyoyatengeneza kwa mikono yao. Ujerumani, kuanzia mwaka 1951, kampuni ya Westfalia ilitia samani za kulala na kupikia ndani ya basi dogo la Volkswagen, na baadaye baadhi ya mabasi hayo yakafungwa tairi la akiba puani, mbele kabisa, ili kuokoa nafasi ya ndani. Ushahidi huo wa pua ya Volkswagen naupa uzito. Mtu aliyekosa nafasi hata ya kuweka sufuria hakulitupa tairi. Alilitafutia mahali pengine. Kisha mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa Airstream, aliongoza msafara wa nyumba 41 za kukokotwa kutoka Cape Town hadi Cairo, ukapita Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia. Katika njia kama zile hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini tairi la ziada lina thamani.

Tairi la akiba lilitokaje basi garini? Lilitokea mlango wa uzito. Magari-nyumba yalipokua, yalivishwa matairi ya lori, ya rimu ya inchi 22.5. Tairi la namna hiyo na rimu yake ya chuma hukaribia kilo 100. Nati zake hukazwa kwa futi-pauni 450 hadi 500, yaani sawa na mtu wa kilo sitini na ushei anayening'inia kwenye ncha ya spana yenye mkono wa mita moja. Wengi wanaoyanunua magari haya ni wastaafu. Hapo ndipo hoja ya kwanza dhidi yangu inapopata nguvu: kuna faida gani kumbebesha mzee wa miaka sabini gurudumu asiloweza kulinyanyua? Nakubali kwamba hawezi, na wala asijaribu. Jeki ikiteleza chini ya gari la tani kumi hakuna wa kusimulia. Lakini pingamizi hilo linadhani kwamba mwenye tairi ndiye lazima alibadilishe. Madereva wetu wa malori wana utingo. Kazi ni ya mwingine, tairi ni la gari. Fundi wa kufungua nati utampata karibu kila barabara kuu. Kinachokosekana Jumapili jioni, kilomita mia mbili kutoka mjini, ni tairi la saizi yako. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari makubwa hubeba tairi tupu, bila rimu, na kupunguza uzito kwa kiasi kikubwa. Anayefika kuwasaidia hulivisha kwenye rimu ileile iliyotoka. Wamerudia desturi ya mwaka 1900, na wamefanya vyema.

Wengine husema matairi ya leo hayapasuki ovyo, na gari likipata pancha nyuma, tairi pacha litalibeba. Hilo la tairi pacha lina ukweli nusu: pacha aliyebaki hubeba mzigo wa wawili, naye huumia. Mbele hakuna pacha. Ama kuhusu ubora, tairi la gari-nyumba lina ugonjwa wake wa pekee. Lori hulimaliza tairi kwa kutembea. Gari-nyumba huliua kwa kusimama. Hukaa miezi juani, kashata zikiwa bado ndefu, huku mpira ukikauka na kupata nyufa ubavuni. Macho huona tairi jipya. Ukweli umeandikwa kwenye ubavu, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT: tarakimu 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hii ya mpira huoza, nayo huhesabiwa umri kama matairi yaliyo chini.

Pingamizi zito kuliko yote, kwangu, ni la upotevu. Tairi la akiba huweza kuzeeka na kutupwa bila kuzunguka hata kilomita moja, na mpira una historia ya machozi. Njaa ya dunia ya matairi katika miaka ya 1890 ndiyo iliyowapa watu wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji sababu ya kuwachapa, kuwakata mikono na kuwaua wanakijiji wa Kongo walioshindwa kutimiza kiasi cha utomvu walichopangiwa. Asiyejali hilo hastahili kuandika habari za matairi. Lakini kuna kipimo kimoja kizuri cha kuamua kama tairi la akiba ni anasa. Mapema mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vya Indonesia, na Marekani ikapoteza takriban asilimia 90 ya mpira wake. Serikali ikagawa matairi kwa kibali, ikashusha mwendo hadi maili 35 kwa saa, ikawataka wananchi wakabidhi matairi ya ziada. Kiasi alichoruhusiwa kubaki nacho mwenye gari kilikuwa matairi matano kwa kila gari. Yaani taifa lililokuwa vitani, likikusanya hata mipira ya kumwagilia bustani, lilihesabu la tano kuwa sehemu ya gari.

Miongo saba baadaye, bila vita wala uhaba, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya aina za magari mapya ya mwaka 2015 ziliuzwa bila tairi la akiba. Kilichoondolewa ni kilo chache, ili gari lionekane kunywa mafuta kidogo. Mzigo wenyewe haukupungua. Ulihamishiwa kwa msafiri anayesubiri kando ya barabara, na kwa mtandao wa simu ambao huenda usishike.

Huku kwetu, magari ya kukodi yenye hema juu ya paa yanayotoka Arusha, Nairobi au Entebbe kuelekea mbugani mara nyingi hufungwa matairi mawili ya akiba, moja lisipotosha. Wanaoyafunga wanaijua njia. Ewe unayepanga safari ndefu kwa gari lolote la kulala, uliza tairi la akiba kabla ya kuuliza godoro, kisha inama usome tarakimu nne za ubavuni.