Kutafuta Asili: Ukoo Mmoja wa Freretown

Mwaka 1966, nilipokuwa Kidato cha Pili katika shule yetu hii, mwalimu wa historia aliingia darasani, akaandika ubaoni methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa", kisha akatuamuru kila mmoja aandike majina ya mababu zake saba. Wenzangu walihesabu vidole, wakaandika. Jirani yangu wa kulia alimaliza kabla ya wote. Mimi niliandika jina la baba, la babu, na la baba yake babu, kalamu ikasimama. Majina yote matatu yalikuwa ya Kiingereza. Kijana mmoja wa nyuma alichungulia daftari langu akasema kwa sauti, "Huyu ni wa mateka." Darasa likacheka. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini methali ilibaki ubaoni hadi kengele ilipolia.

Sasa nimepita miaka 70, na Mhariri ameniomba niandike machache juu ya kazi niliyoifanya tangu nistaafu, yaani kuutafuta ukoo wangu. Nimekubali kwa kuwa najua wengi wenu, wazee kwa vijana, mmeanza kutafuta jamaa kwa njia ya mtandao. Huenda makosa yangu yakawafaa.

Kwanza yafaa nieleze Freretown ni nini, maana vijana wengi hupita Kengeleni kila siku wasijue kengele ile iliwekwa kwa sababu gani. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani Barghash wa Unguja, na mwezi Juni mwaka huo ukatiwa sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Lakini biashara haikufa siku hiyo. Misafara iliendelea kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa, na majahazi yakaendelea kuvuka kwa siri. Manowari za Kiingereza ziliyakamata baadhi ya majahazi hayo, na swali likawa, watu waliookolewa wapelekwe wapi? Warudishwe kwao, watakamatwa tena njiani. Ndipo mwaka 1875 chama cha misioni cha CMS, chini ya Padre William Salter Price, kilipoanzisha kijiji kule bara ya Mombasa, ng'ambo ya kisiwa, kikakiita kwa jina la Frere. Kengele iliwekwa ili kuwaonya wanakijiji wakati wa hatari, kwa kuwa wako waliotaka kuwarudisha utumwani.

Watu wa Freretown na jirani zao wa Rabai hawakuwa wa asili moja. Hili ni jambo la kwanza ambalo mtafutaji hana budi kulijua. Wa kwanza walikuwa Waafrika waliotoka Bombay. Hao waliokolewa baharini wakiwa wadogo, wakapelekwa Bara Hindi, wakasomeshwa Sharanpur karibu na mji wa Nasik, wakajifunza useremala, uhunzi na ualimu. Watatu kati yao, William Jones, Ishmael Semler na George David, walikuja Rabai mapema, mwaka 1864. Wengine walisafiri na Dr. Livingstone. Jacob Wainwright, aliyeisindikiza maiti ya Livingstone hadi Uingereza mwaka 1874, alikuwa Myao. Matthew Wellington, aliyekuwa miongoni mwa waliobeba maiti hiyo hadi pwani na ambaye alifariki Mombasa mwaka 1935, alikuwa Myao pia, na jina alilozaliwa nalo lilikuwa Chengwimbe.

Wa pili ni wale walioitwa mateka, walioletwa Freretown moja kwa moja kutoka kwenye manowari, wengi wao wakiwa watoto: Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengineo. Wa tatu ni watoro, waliokimbia mashamba ya pwani wakajificha kwenye misioni, hasa Rabai. Tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watoro 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa fidia kwa mpango wa George Mackenzie wa kampuni ya IBEA. Kwa hiyo anayesema, "Sisi ni watu wa misioni," bado hajasema alikotoka. Wahenga wetu wengine waliiona Bara Hindi, wengine waliijua sitaha ya manowari tu, wengine walitembea kwa miguu usiku kutoka shamba la bwana.

Baba yangu hakupenda mazungumzo hayo. Nilipomuuliza alinijibu, "Sisi ni watu wa Freretown, basi." Alipofariki, nilikuwa sijaongeza hata jina moja juu ya yale matatu ya Kidato cha Pili.

Nilipostaafu, mjukuu wangu alinifundisha kutumia kompyuta, nami nikatenda kosa ambalo naona watu wengi wanalitenda. Nililiandika jina letu la ukoo katika mtandao, nikangoja. Wakatokea watu maelfu: Uingereza, Marekani, Jamaika. Nikaandikiana na mzee mmoja wa Jamaika, mwalimu mstaafu kama mimi, mwenye jina lile lile, mweusi kama mimi. Kwa muda wa miezi minne tuliitana ndugu. Nilimtumia picha za makaburi, naye akanitumia picha za wazazi wake. Nikawatangazia jamaa zangu wote kwamba tumepata watu wetu.

Kisha nikakaa chini nikafikiri kama mwanafunzi wa historia. Jina lake, wazee wake walilipata kwa mwenye shamba la miwa. Jina letu, sisi tulilipata kwenye ubatizo Freretown, huenda kwa heshima ya mfadhili fulani wa misioni. Tena, watu waliopelekwa Jamaika walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na Kongo na Angola, si pwani yetu. Jina moja lilitoka kwa Waingereza wawili tofauti likawaangukia Waafrika wawili tofauti. Nilimwandikia nikamweleza. Alinijibu kwa upole kwamba naye alikuwa ameshaanza kushuku, ila hakutaka kuwa wa kwanza kusema. Tungali twaandikiana hadi leo, lakini nimelifuta jina lake katika mti wa ukoo. Vijana, mti wa ukoo uliojengwa juu ya jina peke yake usiuamini, hata ukiwa umechorwa vizuri namna gani.

Basi nikarudi nyumbani, mahali ambapo ningepaswa kuanza. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amebaki peke yake katika rika lake, naye alikuwa amepita miaka 90. Nilimwendea mwaka 2014 na daftari. Siku ya kwanza alinieleza habari za kwaya. Siku ya pili akanieleza bei za nazi. Siku ya tatu nilimuuliza, "Shangazi, nyanya yako mzaa baba ulimwita nani?" Akacheka. "Sisi hatukumwita nyanya, mwanangu. Tulimwita Ambuje."

Nilidhani ni jina lake. Lakini katika kitabu cha ubatizo alikuwa na jina la Kiingereza, na mahali pa wazazi palikuwa patupu. Baadaye nikajifunza kwamba "ambuje" ni neno la Kiyao. Kwa Wayao ndilo la kumwitia mzazi wa mzazi, na ndilo la heshima kwa bwana mkubwa. Wanyanja, walio jirani zao, husema "ambuye". Tofauti ni herufi moja tu, lakini herufi hiyo ilinipa zaidi ya vile ambavyo mtandao ulinipa kwa miaka miwili. Mtoto yule alinyang'anywa mama, akanyang'anywa jina, akafundishwa Kiswahili na Kiingereza, na bado alipopata wajukuu aliwafundisha kumwita kwa lugha ya kwao. Shangazi alilitunza neno lile miaka 80 bila kujua alikuwa ametunza nini. Mwaka uliofuata tulimzika.

Mwaka 2019 mjukuu wangu aishiye Marekani aliniletea kichupa cha kutemea mate kwa ajili ya kupimwa vinasaba, maarufu kwa jina la DNA. Kazi yake ni hii. Kila mtu hupata nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hesabu ya wastani, robo hutoka kwa kila babu na kila nyanya, na mimi niliye kitukuu nina asilimia kama 12.5 kutoka kwa Ambuje. Kampuni hulinganisha vinasaba vyako na vya wateja wake wengine, ikikuta vipande vinavyofanana inakuambia kwamba huenda mna asili moja. Lakini vipande hupungua upesi. Vitukuu wa ndugu wawili, kwa wastani, hushirikiana chini ya asilimia 1, na karibu mmoja katika kila kumi hana hata kipande kimoja kinachoonekana, ingawa undugu upo. Tena wateja wengi wa kampuni hizo ni watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika waliopimwa ni wachache. Kwa hiyo usipopata jamaa, usidhani hawapo. Na ukipata, elewa kwamba umeambiwa "huenda" tu.

Mimi niliambiwa "huenda" moja iliyonishtua. Ilikuwa ya mama mmoja, muuguzi nchini Uingereza, mzaliwa wa Malawi, ambaye watu wa mama yake ni Wayao wa wilaya ya Mangochi, karibu na ziwa. Tulishirikiana chini ya asilimia 1. Nilimwandikia barua fupi, nikamweleza kisa cha Freretown na neno Ambuje. Baada ya wiki tatu akajibu kwamba mama yake yu hai, na angependa tuzungumze kwa simu.

Tulizungumza Jumapili moja, binti akitafsiri. Bibi yule aliniuliza habari za watoto wangu kwanza, kisha akaniambia kwamba kwao kila ukoo una hadithi ya watu waliokwenda wasirudi. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Na je, kama ni sisi tuliowauza?"

Ndugu wasomaji, swali hilo lina historia yake. Wayao walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa msafara wa Kilwa. Machifu kama Mponda na Makanjira waliuza pembe na watu, wakapokea bunduki na nguo. Tena Wayao hawahesabu ukoo kwa baba kama wengi wetu. Huuhesabu kwa mama. Mtoto ni wa watu wa mama yake, na mjomba ndiye msimamizi wa dada zake na watoto wao. Mtoto wa mwanamke aliyetekwa hakuwa na mjomba wa kumtetea, na katika deni, njaa au vita, asiye na mtetezi ndiye aliyetangulia kuuzwa. Kwa hiyo yawezekana kwamba damu ninayoshirikiana na bibi yule ilipita kwa mnunuzi na mnunuliwa katika nyumba moja. Yawezekana pia kwamba Ambuje alitekwa shambani na watu baki. Mate katika kichupa hayawezi kuonyesha ipi kati ya hizo ndiyo kweli.

Nilimjibu kwamba sikupiga simu kudai deni. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimetafuta miaka mingi mtu wa kuniambia kwetu ni wapi, na kwamba aliyeniuliza swali gumu kama lile ananifaa kuwa ndugu, akiwa ameuza au ameuziwa. Binti alitafsiri polepole. Nikasikia bibi anasema neno ambalo halikuhitaji mkalimani, kwa sababu alikuwa akinisalimia mama yake babu kupitia kwangu. Alisema, "Ambuje." Katika mti wa ukoo nimewaandika yeye na bintiye kwa penseli.

Kwenu vijana mlio madarasani, nawapa kazi tatu. Ya kwanza, kabla ya kufungua mtandao, nendeni kwa mzee aliye hai, wala msimuulize majina tu. Muulizeni watu waliitanaje, walilia vipi msibani, walikula nini. Ya pili, tafuteni maandishi: vitabu vya ubatizo vya makanisa, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Nairobi, barua za CMS zilizowekwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na kitabu cha James Mbotela, "Uhuru wa Watumwa", kilichochapishwa mwaka 1934 na mtu aliyezaliwa na wazee hao hao. Ya tatu, mkitaka kupima vinasaba, kumbukeni kwamba mnafichua siri za nyumba nzima, si zenu peke yenu. Ombeni ruhusa kwa jamaa, na asitumiwe fedha mtu yeyote ajitokezaye kudai ni ndugu.

Namalizia na yule jirani yangu wa kulia. Tulikutana katika karamu yetu ya mwisho ya wanafunzi wa zamani. Nilimsimulia haya yote, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanivuta kando. "Unakumbuka majina yangu saba?" akaniuliza. Nikamwambia nakumbuka, tena niliyaonea wivu miaka mingi. Akasema, "Mawili ya mwisho niliyatunga. Niliogopa kuchekwa kama wewe." Mwezi ujao tunakwenda pamoja kwa shangazi yake, naye amekwisha nunua daftari.