Gari la nitro

Gari la nitro ni gari dogo la mfano linaloongozwa kwa rimoti ya redio na kuendeshwa na injini halisi inayochoma mafuta. Hutumiwa kwa burudani na kwa mashindano. Vipimo vya kawaida ni 1:8 na 1:10, yaani sehemu ya nane au ya kumi ya gari la kweli. Injini zake nyingi zina ujazo wa sentimita za ujazo 2 hadi 3.5 tu, lakini huweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika.

Jina "nitro" latokana na nitromethani iliyomo katika mafuta. Halihusiani na ile gesi ya mitungi inayofungwa katika baadhi ya magari makubwa ya mashindano, ingawa watu wengi huvichanganya.

== Mafuta ==
Mafuta yake ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani (mara nyingi asilimia 10 hadi 30) na oili, ambayo huwa ya mbarika au ya kutengenezwa kiwandani. Nitromethani (CH₃NO₂) hubeba oksijeni ndani ya molekuli zake. Kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Kilo 1 ya nitromethani huhitaji takriban 1.7. Kwa hiyo silinda ileile huweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa kila mzunguko.

== Uwashaji ==
Injini ni ya mipigo miwili, na plagi yake haitoi cheche. Ndani ya plagi mna waya mwembamba uliosokotwa, wenye platini. Wakati wa kuwasha, waya hupashwa moto kwa betri ya volti 1.5 hivi, kisha betri huondolewa. Waya hubaki mwekundu kwa sababu ya joto la mwako na pia kwa sababu platini ni kichocheo: methanoli humenyuka juu ya uso wake na kutoa joto. Wanafunzi wanaodhani vichocheo ni mambo ya maabara tu wana mfano mzuri hapa. Plagi hii ilienezwa na Mmarekani Ray Arden mwishoni mwa miaka ya 1940, kwanza katika ndege za mfano.

== Kurekebisha kabureta ==
Hapa ndipo injini nyingi hufia. Injini haina bakuli la oili. Oili yote huingia pamoja na mafuta, kama ilivyo kwa Vespa za zamani. Sindano za kabureta hupima mafuta yanayopita, moja kwa mwendo wa taratibu na nyingine kwa mwendo wa kasi. Ukikaza sindano, mafuta hupungua na gari huongeza kasi. Anayeanza hufurahi, akaza tena. Lakini oili nayo imepungua, na methanoli iliyokuwa ikipoza injini imepungua vilevile. Joto hupanda, na pistoni hukwaruzika au kunata kabisa.

Dalili njema ni moshi mwepesi unaoonekana kila gari linapoongezewa mwendo, na joto la kichwa cha injini lisilozidi sana nyuzi 120 za Selsiasi. Marekebisho ya mchana wenye joto hayafai alfajiri: hewa baridi ni nzito zaidi, nayo hudai mafuta zaidi.

Injini mpya huzoeshwa kwanza kwa mafuta mengi. Silinda yake ni nyembamba kidogo upande wa juu, hivyo pistoni hubana sana ikiwa baridi. Hali hiyo si ubovu.

== Utunzaji na usalama ==
Methanoli hunyonya unyevu na kuozesha beringi, hivyo baada ya kazi mafuta yaliyobaki huchomwa yote, na matone machache ya oili hutiwa ndani. Methanoli ni sumu iwezayo kupofusha au kuua, na hupenya hata kwenye ngozi. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo mafuta hayatiwi karibu na moto, wala injini haiwashwi ndani ya nyumba.