Kinanda cha Urithi Katika Nyumba za Ruiri

Miongoni mwa vitu ambavyo wazee wa nchi ya Meru waliwaachia watoto wao, pamoja na shamba, ng'ombe na hati za ardhi, kimo kimoja ambacho warithi aghalabu hawajui wakifanye nini: sanduku jeusi lenye kishikio, lililovikwa kitambaa mfano wa ngozi, ambalo ukifungua vifungo vyake unakuta ndani sahani ya chuma iliyofunikwa bahameli, mkono uliopinda wenye kichwa cha duara, na kikopo kidogo cha kutilia sindano. Hicho ni kinanda cha santuri, chombo kisichotaka umeme wala betri, na ambacho katika miaka ya 1930 hadi 1950 kilikuwa ndiyo fahari ya mwenye nyumba, kwani jirani walikuja jioni kukisikiliza kwa adabu ile ile waliyokuwa nayo walipokuja kumjulia hali mgonjwa au kumpongeza mzazi. Leo kimewekwa darini, juu ya magunia, nacho kinangoja mmoja katika ukoo atakayeamua ama kukifufua ama kukitupa.

Ruiri iko upande wa kaskazini wa Meru, mahali ambapo ardhi yenye mvua iliyo kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyambene inaanza kushuka kuelekea tambarare kavu za Isiolo. Hapo hewa ni kavu, vumbi ni jingi na mchwa hawana rehema, lakini ukavu huo huo, ambao ni adui wa mahindi, ni rafiki wa chuma, hata ni jambo la kawaida kwa kinanda kilichokaa darini huko kuwa na kutu kidogo kuliko kilichokaa Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula kila kitu. Walakini joto la mabati ni adui wa santuri zenyewe, maana santuri za zamani zilifanyizwa kwa shelaki, utomvu mgumu utokao kwa wadudu wadogo wa India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi, na shelaki ikipata joto hulegea na kupinda. Kwa sababu hiyo mara nyingi mrithi hupata mashine nzima na santuri zilizojikunja, naye husikitika kwa kilichoharibika pasipo kushukuru kwa kilichosalia.

Jambo la kwanza ni kukijua chombo. Vinanda vilivyofika kwa wingi bara la Kenya vilikuwa vya kubebeka mkononi, si vile vya pembe kubwa ya shaba vinavyopigwa picha katika vitabu. Na hapa yafaa nitoe hadhari, kwa kuwa vinanda vingi vya pembe inayong'aa, vyenye nembo ya mbwa, vinavyouzwa kwa watalii na kwa wapenda mapambo, si vya kale hata kidogo, bali vimeungwa India miaka ya karibuni kwa vipande vya mashine mbalimbali. Kinanda cha sanduku jeusi kilichotoka katika nyumba ya mzee aliyekinunua mwenyewe aghalabu ni cha kweli. Tazama ndani ya kifuniko: ukiona picha ya mbwa aliyeinamia pembe, akisikiliza, hiyo ni alama ya His Master's Voice ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza, iliyotokana na mchoro wa Francis Barraud wa mwisho wa karne ya kumi na tisa. Kampuni hiyo iliungana na Columbia mwaka 1931 ikawa EMI, na katika mwaka huo huo ikatoa kinanda cha namba 102, ambacho kiliendelea kufanyizwa hata katika miaka ya 1950, nacho ndicho kinachopatikana zaidi ya vyote. Mtangulizi wake, namba 101, alitoka mwaka 1925. Tofauti yao hujulikana kwa kichwa cha sauti: kichwa namba 4 cha kinanda cha 101 kina kiwambo cha ulanga, yaani yale madini yanayochunika kama karatasi na kuonyesha nuru, ilhali namba 5A na 5B za kinanda cha 102 zina kiwambo cha alumini kilichofinyangwa kwa mistari. Mwenye kuona ulanga pahali pa alumini, au kinyume chake, ajue ama mashine ni nyingine, ama kichwa kilibadilishwa na fundi.

Je, kilifikaje Ruiri, mbali na bandari na mbali na reli? Sehemu kubwa ya jibu imo katika Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wa Meru walikuwa miongoni mwa askari wa King's African Rifles na wa vikosi vya kazi waliopelekwa Abisinia mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na hatimaye Burma mwaka 1944, ambako divisheni ya kumi na moja ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa. Jeshini lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, kisicho fasaha kama cha Lamu au Unguja, lakini chenye kutosha kumwezesha mtu wa Tigania ya Meru na mtu wa Nyasa kuelewana. Na jioni, kambini, askari hao walisikiliza santuri na kuwaona waimbaji wa kikosi cha burudani, miongoni mwao Fundi Konde wa Pwani, aliyekuja kuwa mpigaji gita mashuhuri kabisa wa Kenya. Alipoachishwa jeshi, kijana wa Meru alirudi na mambo matatu ambayo baba yake hakuwa nayo: malipo ya fedha taslimu mkononi, Kiswahili kinywani, na mazoea ya muziki wa mashine. Basi si ajabu kwamba baadhi ya fedha zile ziliingia dukani kununua kinanda.

Kabla ya vita hivyo, santuri za Kiswahili zilikuwa zimekwisha kuwepo. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri pamoja na wenziwe hadi Bombay, akarekodi nyimbo za taarabu kwa kampuni yenye nembo ya mbwa, na santuri zake zikaenea pwani nzima na kupanda bara kwa njia ya reli na ya maduka ya Wahindi. Mimi huliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyotajwa. Mwanamke wa kijiji cha Fumba, mtoto wa watumwa, ambaye katika ujana wake aliuza vyungu, aliweza kuimba ndani ya nyumba ambazo hakuzijua, kwa watu waliokuwa hawajapata kuona bahari. Na mwandishi Shaaban Robert hakukosea alipoona kwamba maisha ya Siti yanastahili kuandikiwa kitabu kizima. Kiswahili kilichokuja Meru kwa amri za dola kilikuja kwa sauti ya boma, ya mahakama na ya sajini. Kiswahili kilichokuja ndani ya santuri kilikuja kikiwa na mizani na vina, na mtu alikaribishwa kukipenda badala ya kulazimishwa kukitii. Nashikilia kuwa hii ndiyo tarikhi iliyofichika ndani ya sanduku jeusi.

Wala si Meru peke yake iliyopata athari ya santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika kurekodi nyimbo za kienyeji, alikutana upande wa Kericho na wasichana wa Kikipsigis waliokuwa wakimwimbia kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu nusu mnyama, kumbe jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao na kuwastaajabisha.

Fedha za kununulia vinanda hazikutoka jeshini tu. Tangu miaka ya 1930 serikali ilikuwa imewaruhusu Waafrika wachache wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa, zao lililokuwa limewekwa kando kwa ajili ya walowezi. Na baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ruhusa hiyo ilipanuka, hata wenye mashamba ya juu wakapata mapato ya msimu, na wenye mifugo wa huku chini, walio jirani na soko la Isiolo, wakawauzia wanyama wao. Lakini miaka hiyo hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Kuanzia mwaka 1952 watu wa Meru, pamoja na Wakikuyu na Waembu, walikaa chini ya amri za kutotoka nje usiku, na kuanzia mwaka 1954 familia nyingi zililazimishwa kuacha nyumba zao na kuhamia vijiji vilivyozungushiwa handaki. Nani katika uhamisho wa namna hiyo angebeba sanduku zito la nyimbo? Kwa hivyo kinanda kilichovuka miaka ile kina sifa ya pekee, maana yuko mtu aliyeamua kukibeba, au kukiweka amana kwa jamaa, katika wakati ambao hata chungu kilihesabiwa kuwa mzigo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kukifufua. Moyo wa kinanda ni kamani, utepe wa chuma cha pua wa mita kadhaa uliozungushwa ndani ya pipa dogo, na ndiyo sehemu inayoweza kumjeruhi mtu asiyeijua. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kukiacha kinanda kizunguke mpaka kamani yote ifunguke, kabla bisibisi haijagusa chochote. Grisi iliyotiwa kiwandani, ikikaa miaka hamsini au sitini, hukauka ikashikamana kama gundi, na mikunjo ya kamani ikiachana kwa ghafla hutoa ule mshindo wa "du! du!" ambao warithi wengi hudhani ni dalili ya kuvunjika. Si kuvunjika, ni kiu. Pipa likifunguliwa na fundi wa saa mwenye mikono mizuri, kamani ikaoshwa kwa mafuta ya taa, ikafutwa, ikapakwa grisi mpya iliyochanganywa na grafiti, mshindo huisha. Karibu na pipa utaona kidhibiti mwendo: vidonge vitatu vizito vilivyoshikwa na vipande vyembamba vya chuma, ambavyo kadiri mashine inavyokwenda mbio hutanuka na kuvuta kisahani kikasugua kipande cha ngozi. Ngozi hiyo ikikauka, kinanda hutetemeka. Tone moja la mafuta mepesi latosha. Kisha weka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri, ushike saa, uhesabu: mizunguko 78 kwa dakika, si zaidi si pungufu.

Kichwa cha sauti kina pete za mpira zinazokishika kiwambo, nazo hugeuka ngumu kama mfupa, na hapo mwimbaji husikika kana kwamba ameziba pua. Kinanda cha jamaa mmoja wa Ruiri nilichokikagua kilikuwa na jambo ambalo sikupata kuliona katika picha yoyote ya Ulaya: pete zile zilikuwa zimekatwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, kwa wembe, kwa unadhifu mkubwa, na mkono wa kukazia kamani, ambao wa asili ulikuwa umepotea, ulikuwa umefuliwa upya kwa fito ya chuma na kutiwa kishikio cha mti wa muuru, kikalainika kwa jasho la viganja. Mwenye nyumba alitaka vyote viondolewe na kuagizwa vya asili kutoka Uingereza. Mimi nilimsihi asifanye hivyo, na ningali na rai hiyo: pete abadilishe, maana mpira ukizeeka haufanyi kazi tena, lakini zile za zamani azitie katika bahasha azihifadhi, na mkono ule wa muuru asiubadilishe kabisa. Kiwanda cha kampuni ya Gramophone huko Hayes, Uingereza, kilitoa mikono ya chuma kwa maelfu, ilhali mkono ule ni mmoja, nao unashuhudia kwamba paliwahi kuwa na mfua chuma wa kienyeji aliyepima tundu la mashine ya kigeni, akalielewa, na kulitimizia haja yake bila kitabu cha maelezo.

Nje ya sanduku pasihangaikiwe sana. Kitambaa kifutwe kwa kitambaa kingine chenye unyevu kidogo, kisha kipakwe rangi nyeusi ya viatu kiasi cha haba. Nikeli iliyochunika iachwe ilivyo. Santuri zioshwe kwa maji na sabuni laini bila kulowesha karatasi ya katikati, na kamwe zisiguswe kwa spiriti, kwa maana spiriti huyeyusha shelaki na wimbo hufutika mbele ya macho. Zisimamishwe wima, mbali na mabati. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa santuri. Mwenye kuitumia tena na tena kwa kuona ubahili ni busara huichonga santuri mpaka ikabaki mvumo mtupu. Na zile santuri ndogo za plastiki za mizunguko 45, zilizokuja baadaye pamoja na redio za betri na kukitoa kinanda sebuleni, zisiwekwe kabisa chini ya mkono wake mzito.

Hatimaye, akiwapo katika ukoo mzee anayekumbuka, aulizwe mapema: kilinunuliwa na nani, kwa fedha za ng'ombe, za kahawa au za vita, katika duka la Meru, la Isiolo au la Nairobi, santuri ya kwanza ilikuwa ya nani, na jirani gani walikuwa wakija. Majibu yaandikwe kwa wino, pamoja na namba ya kinanda, aina ya kichwa chake na majina yote yaliyomo katika karatasi za santuri, hata za zile zilizopinda, na waraka huo utiwe ndani ya kifuniko, pale ambapo mtengenezaji aliacha nafasi ya kubebea santuri.