Jumapili ya Kaloleni

Mtu aliyefika Nairobi kutafuta kazi katika miaka ya 1940 alilikuta juma limegawanyika sehemu mbili zisizolingana. Siku tano na nusu zilikuwa za tajiri wake. Jumamosi mchana karani alifunga daftari, fundi akaweka nyundo chini, mtumishi wa reli akavua sare. Na tangu hapo mpaka alfajiri ya Jumatatu mtu yule alikuwa wake mwenyewe.

Haikuwa zawadi ndogo. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na watawala wake hawakumhesabu Mwafrika kuwa mwenyeji wa mji, bali mgeni aliyeletwa na kazi. Kwa miaka zaidi ya 20 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alitakiwa kuchukua kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kipande kilieleza ameajiriwa na nani na kwa mshahara gani. Juu ya Jumapili yake hakikusema neno.

Asubuhi ya siku hiyo wako waliokwenda kanisani, na wako waliofua nguo bombani; hayo tusikawie nayo. Alasiri watu walimiminika uwanjani. Mpira ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Tangu mwaka 1926 Kenya na Uganda zilishindania Kombe la Gossage, lililotolewa na mtengenezaji wa sabuni; mwaka ule wa kwanza zilitoka sare 1-1, mchezo ukarudiwa, na Kenya ikashinda 2-1. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Unguja mwaka 1949. Lakini mechi za mitaani ndizo zilizowaunganisha marafiki kila juma. Mara nyingi timu ziliundwa na watu waliotoka wilaya moja, hata mtu aliyeacha wazazi mbali aliwasikia nduguze wakimwita jina lake kwa lugha ya nyumbani kila alipougusa mpira. Wengi walicheza miguu mitupu. Wazee huapa kwamba shuti la mguu mtupu lilikuwa kali kuliko la kiatu. Mimi nina shaka, lakini ushahidi wa kweli wanao makipa.

Jua lilipopunga, safari ikawa ya ukumbini. Pumwani ulikuwako ukumbi tangu miaka ya 1920, na baadaye Kaloleni nao wakapata wao. Huko ndiko lilikokuwa dansi. Vita vya Pili vilikuwa vimewapeleka vijana wa K.A.R. mpaka Burma, nao walirudi na masikio mapya. Fundi Konde, mpiga gita kutoka pwani, alikuwa miongoni mwa waliowatumbuiza askari wakati wa vita, kisha sauti yake ikasikika katika santuri. Santuri za rumba kutoka Kuba nazo zilikuwa zimefika, na wapigaji wa hapa walizisikiliza mpaka vidole vyao vikazijua. Wengine walipenda mwomboko, unaochezwa kwa kodiani na chuma kinachogongwa. Kwa kuwa mjini wanaume walikuwa wengi kupita wanawake, kijana aliyepata mwenzi wa kucheza naye alijiona mfalme, hata kama koti lililompendeza lilikuwa la kuazima.

Kusema kweli, halmashauri ya mji haikujenga kumbi hizi kwa ukarimu mtupu. Sehemu ya fedha za ustawi wa Waafrika ilitoka katika faida ya pombe ambayo halmashauri yenyewe iliwauzia. Na wakubwa walitumaini kwamba mtu achezaye dansi hatakuwa na nafasi ya siasa. Hapo hesabu yao ilikosea. Watu wakizoea kukutana mahali, watazungumza. Jumapili, tarehe 23 Aprili 1950, K.A.U. na chama cha Wahindi walifanya mkutano wa pamoja katika ukumbi wa Kaloleni. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama akataka nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru kamili. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka mwaka 1961.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kisha, alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, majeshi yaliuzunguka mji kwa operesheni iliyoitwa Anvil. Ilikuwa Jumamosi. Wale waliotazamia kuweka kazi chini mchana ule walijikuta wamekalishwa chini mbele ya bunduki, wakipangwa kwa makabila. Na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walipakiwa katika malori na magari ya moshi kupelekwa kambini, wengi bila kushitakiwa mahakamani. Jumapili iliyofuata uwanja ulikuwa pale pale, na ukumbi pale pale, lakini wengi waliozoea kuvijaza walikuwa nyuma ya seng'enge.