Oktani: Namba ya Ustahimilivu, Si ya Nguvu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, na katika orodha ile ndefu ya miji Babati nayo ina mstari wake: petroli, dizeli, mafuta ya taa. Petroli ni moja tu. Dereva wa bajaji wa Nangara akifika sheli haulizwi anataka ya 91 au ya 95. Anasema “weka ya elfu kumi” na safari inaendelea. Kwa hiyo neno oktani tunakutana nalo pembeni: kwenye kijitabu cha gari, kwenye kibandiko cha Kijapani nyuma ya kifuniko cha tenki, au kwenye vichupa vya dukani vinavyosifiwa kuwa vinaongeza nguvu. Na hilo la nguvu ndilo lililopotosha maana yake.

Tuanzie ndani ya silinda. Pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Moto unatakiwa uanzie kwenye plagi na kusambaa kwa utaratibu. Lakini kitu kikibanwa hupata joto, na ile sehemu ambayo moto haujaifikia inaweza kujiwakia yenyewe kabla ya zamu yake. Hapo shinikizo hupanda ghafla, hupiga kuta za silinda, na dereva husikia mlio mkali wa chuma. Mafundi wetu husema injini inagonga. Kiwango cha oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kujiwakia. Hakipimi kiasi cha nishati kilichomo katika lita moja, wala hakisemi petroli ni safi kiasi gani.

Kipimo chenyewe kilibuniwa Marekani miaka ya 1920 na mkemia Graham Edgar. Alichukua vimiminika viwili: isooktani, ambayo haigongi kwa urahisi, akaipa 100, na heptani, ambayo hugonga upesi, akaipa 0. Petroli ikiitwa ya 95, maana yake inagonga sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani. Haina maana kwamba asilimia 95 ya petroli hiyo ni oktani.

Sasa tahajia. Wengine huandika okteni kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Mimi nasimama na oktani, na sababu yangu ni ya kikemia. Jina hili linatokana na nane, idadi ya atomu za kaboni katika molekuli yake. Katika ukoo huohuo wa majina kuna kampaundi nyingine ya kaboni nane, yenye kiungo maradufu, ambayo inastahili jina la okteni. Tukiziita zote okteni, mwanafunzi wa kemia atashindwa kuzitenganisha. Kwa kipimo, basi, tuseme “kiwango cha oktani”, na kwa tatizo tuseme “kugonga”. Tusitumie kunoki. Gereji zetu zimeshalipa neno hilo maana nyingine: injini iliyonoki imekufa, inasubiri kufunguliwa au kubadilishwa. Kugonga ni dalili. Kunoki ndiko kunakoweza kufuata dalili hiyo ikipuuzwa.

Namba nayo inasomwa kwa uangalifu. Kipimo kinachotumika sehemu kubwa ya dunia hufupishwa RON. Marekani huchukua wastani wa RON na kipimo kingine kikali zaidi, kiitwacho MON, kwa hiyo namba zao huwa ndogo: 87 ya pampu ya Marekani inakaribia 91 ya RON. Mwenye gari lililotengenezwa kwa soko la huko asidhani linakubali petroli duni kuliko yetu.

Magari mengi ya Babati ni yaliyotumika Japani. Huko petroli ya kawaida ni ya RON 90 hivi, na ile ya juu, ambayo wao wameikatia jina la haioku, inakaribia 100. IST, Passo au Probox iliundwa kwa petroli ya kawaida ya Kijapani. Petroli ya kituo halali hapa kwetu inaitosha, na kuinunulia kichupa cha kuongeza oktani ni kutupa pesa. Tofauti iko kwa magari kama Subaru zenye tabo, yaliyoagizwa yatumie haioku. Mengi ya haya yana kihisi kinachosikia kugonga na kuchelewesha cheche, hivyo injini hujilinda, ila hupoteza nguvu kidogo. Mwenye gari la namna hiyo afuate kijitabu chake.

Mwinuko nao unatusaidia. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, silinda hujaa hewa kidogo, na injini ya kawaida isiyo na tabo haigongi kwa urahisi. Lakini bodaboda aliyepakia abiria wawili na gunia, akapanda kilima kwa gia kubwa na mzunguko mdogo, anaitafuta ile sauti mwenyewe. Ashushe gia.

Adui mkubwa wa oktani kwetu ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno. Yakichanganywa na petroli, kiwango chote hushuka, na pikipiki isiyo na kihisi haina cha kuikinga. Ndiyo sababu mwaka 2010 serikali ilianza kuweka kwenye mafuta vinasaba vya kutambua uchakachuaji, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Petroli ya kwenye chupa kando ya barabara haina anayeipima.

Ndugu msomaji, fungua kifuniko cha tenki na usome kibandiko, au mwombe anayejua akusomee. Kisha jaza mafuta kwenye kituo kinachotoa risiti, na uitunze. Injini ikianza kugonga siku ileile uliyojaza, hiyo risiti ndiyo ushahidi wako wa kwanza mbele ya EWURA.