Masomo ni Deni

Kijana akipata nafasi ya kwenda chuo kikuu, jamaa yote hufurahi. Baba huuza mbuzi, mama huuza mchele na mawese, wajomba huchanga nauli. Tangu siku ile watu husema kwa fahari: “Mtoto wetu yuko mjini, anasoma.” Lakini ni wachache wanaojiuliza: huko mjini siku zake hupita namna gani? Anafunzwa nini zaidi ya vitabu? Na akimaliza, ana deni kwa nani?

Ili tujibu maswali hayo, nataka kuwaeleza habari za chuo kikuu kimoja cha mbali, na za mwana mmoja wa Kongo aliyesoma huko. Chuo chaitwa Georgetown, nacho kiko katika mji wa Washington, makao ya serikali ya Marekani. Kijana ni Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Msiseme ya kwamba habari za Marekani hazituhusu. Mkisoma mpaka mwisho mtaona kwamba zatuhusu sana sisi watu wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare.

CHUO JUU YA MTO

Georgetown kilianzishwa mwaka wa 1789 na John Carroll, askofu wa kwanza wa Kikatoliki katika Marekani. Nacho ndicho chuo kikuu cha Kikatoliki kilicho cha zamani kupita vyote katika nchi ile. Kiko juu ya kilima, na chini yake wapita mto Potomac, kama Lualaba upitavyo chini yetu. Mapadri wa Shirika la Yezu, yaani Wajesuiti, ndio waliokilea.

Siku zile mji wa Washington ulikuwa haujajengwa. Serikali ilihamia huko mwaka wa 1800 tu, na kidogo kidogo mji ukakizunguka chuo. Hiyo ikawa bahati kubwa kwa wanafunzi. Bunge liko karibu, balozi za mataifa ziko karibu, na baadaye Benki ya Dunia ikawekwa huko huko. Mwaka wa 1919 chuo kilifungua shule ya kufundisha mambo ya mataifa ya nje, na wanafunzi hawakuhitaji kwenda mbali ili kuyaona mambo yale kwa macho yao.

Ndiyo maana huko ilikuwa desturi kubwa ya mwanafunzi kufanya mazoezi ya kazi. Likizo ikifika, au hata katikati ya masomo, huingia ofisini chini ya mkubwa fulani. Hupanga barua, hutafuta habari zinazotakiwa, huandika muhtasari wa maneno marefu, husikiliza wakubwa wakijadiliana. Mshahara ni mdogo au haupo. Lakini hujifunza mambo ambayo kitabu hakiwezi kumfundisha: kufika kwa saa, kutunza siri, kukubali kusahihishwa, na kumaliza kazi aliyopewa hata kama hakuna anayemtazama.

DENI LA KWANZA

Sasa yatupasa kusema neno lililo gumu. Kwa miaka mingi Wajesuiti wa jimbo la Maryland walikuwa na mashamba makubwa, na waliolima mashamba yale walikuwa watumwa weusi, wengi wao Wakristo waliobatizwa. Mwaka wa 1838 mkubwa wao, Padri Thomas Mulledy, aliwauza watu 272, wanaume, wanawake na watoto, kwa matajiri wa Louisiana, mbali sana upande wa kusini. Bei ilikuwa dola 115,000. Mkuu wa Shirika katika Roma alikuwa ameweka masharti: jamaa zisitengwe, watu waweze kuendelea na dini yao, na fedha zisitumiwe kulipa madeni. Masharti yale yalivunjwa. Sehemu ya fedha ilikwenda kulipa madeni ya chuo cha Georgetown.

Sisi wa Nyangwe hatuwezi kusoma habari hiyo kama watu wa nje. Wazee wetu waliona misafara ya watumwa na pembe ikipita hapa. Tarehe 15 Julai 1871 Dr. Livingstone alikuwapo Nyangwe, wakati watu wenye bunduki wa wafanya biashara ya watumwa walipowapiga risasi watu waliokuja sokoni na samaki wao na vyungu vyao, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine mtoni walipokimbilia mitumbwi.

Wengine wetu hupenda kusema ya kwamba dhambi ile ilikuwa ya watu wa dini nyingine tu. Habari ya mwaka wa 1838 yatufunga midomo. Waliouza walikuwa mapadri, na waliouzwa walikuwa waumini wao.

Yako mengine ya kustaajabisha. Mwaka wa 1874 Mwingereza Cameron alifika Nyangwe, na biashara ya watumwa ilikuwa ingali ikiendelea. Mwaka ule ule chuo cha Georgetown kilipata mkuu mpya, Padri Patrick Healy. Padri huyo alizaliwa Georgia mwaka wa 1834. Baba yake alikuwa Mwirlandi mwenye shamba, na mama yake mtumwa mweusi. Kwa sheria ya nchi ile, mtoto wa mtumwa ni mtumwa. Lakini alisomeshwa, akaingia Shirika la Yezu, akapata shahada ya udaktari katika chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Ndiye aliyekikuza chuo kile hata watu wakamwita mwanzilishi wa pili, na jumba kubwa la mawe lililojengwa wakati wake laitwa kwa jina lake. Lakini wakati ule ukoo wa mama yake haukutajwa hadharani, na chuo hakikuwafungulia vijana weusi mlango wa masomo yake makuu ya kwanza mpaka miaka ya 1950.

Leuven twaijua. Ni chuo hicho hicho kilichozaa Lovanium, chuo kikuu kilichofunguliwa Léopoldville mwaka wa 1954. Basi mama mmoja wa elimu alimlea mwana wa mtumwa wa Georgia, kisha akawalea vijana wa Kongo.

KIJANA WA KINSHASA

Dikembe Mutombo alifika Georgetown mwaka wa 1987, kwa msaada wa masomo uliotolewa na serikali ya Marekani. Nia yake ilikuwa kuwa mganga, arudi kuwatibu watu wa kwetu. Alikuwa mrefu sana, mita 2 na sentimeta 18, lakini Kiingereza hakukijua vizuri. Fikirini hali yake: ameketi darasani kati ya watu wasemao upesi, naye anatafuta maana ya kila neno. Mwaka wa kwanza hakucheza katika timu kubwa ya chuo. Alijifunza lugha kwanza. Mwishowe alikuwa na lugha tisa kinywani, tano kati yake zikiwa za Afrika ya Kati.

Mchezo wa huko ni mpira wa kikapu, na mwalimu wake alikuwa John Thompson, mtu mweusi, naye mrefu kama mnara. Mwaka wa 1984 timu yake ilipata ushindi wa vyuo vyote vya Marekani, naye akawa mwalimu mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Ofisini mwake aliweka mpira uliotoka upepo. Mpira huo ulikuwa mafundisho kwa kila mchezaji aliyeingia: siku moja mpira wako utaishiwa upepo, je, utabaki na nini? Kwa hiyo aliwabana wachezaji wake wasome. Katika waliokaa naye miaka minne yote, karibu wote walipata shahada zao. Wanahesabu 97 katika 100.

Tena Thompson hakutaka michezo iwe mlango wa matajiri peke yao. Mnamo Januari 1989 wakubwa wa michezo ya vyuo walikuwa wametoa amri ya kuwanyima msaada wa masomo wachezaji ambao hawakufikia alama fulani katika mitihani. Thompson aliona ya kwamba amri hiyo ingewafungia mlango vijana maskini, hasa weusi. Mchezo wao na Boston College ulipokaribia kuanza, aliinuka mbele ya watu wote akatoka uwanjani. Mwaka uliofuata amri ile ilirekebishwa.

Ulikuwa ndio msimu wa kwanza wa Mutombo katika timu. Mwaka ule ule wa 1989, katika mchezo mmoja na chuo cha St. John's, alizuia mipira 12 iliyokuwa ikienda kikapuni. Kazi yake uwanjani ilikuwa ya mlinzi: kusimama mbele ya kikapu na kukataa. Mfungaji husifiwa zaidi, lakini mlinzi ndiye anayewapa wenzake nafasi ya kushinda.

Michezo katika chuo kile ilikuwa na maana nyingine tangu zamani. Marekani ya kaskazini na ya kusini zilipigana vita vikali toka 1861 hata 1865, na wanafunzi wa Georgetown walikuwako pande zote mbili. Vita vilipokwisha, wanafunzi wapiga makasia walichagua rangi mbili za chama chao: buluu ya askari wa kaskazini na kijivu ya askari wa kusini. Hata leo ndizo rangi za chuo. Watoto wa maadui waliketi katika mtumbwi mmoja, na asiyefuata mwendo wa mwenzake huwapotosha wote.

Lakini mpira haukumtosha Mutombo. Wakati wa likizo alifanya mazoezi ya kazi, mara moja katika Bunge la Marekani, na mara nyingine katika Benki ya Dunia. Mtu ambaye maelfu walimshangilia uwanjani aliketi ofisini kama mwanagenzi. Mwaka wa 1991 alipata shahada katika elimu ya lugha na ya ubalozi. Mganga hakuwa. Alikwenda kucheza mpira wa kulipwa miaka 18, na mara nne alihesabiwa kuwa mlinzi bora wa mwaka.

DAWA YA DENI

Waswahili husema: dawa ya deni ni kulipa. Katika miaka ya 1990, Kinshasa ilipokuwa katika ghasia za vita, mama yake Mutombo, Biamba Marie, aliugua ghafula, wala hakuweza kufikishwa hospitali. Akafa nyumbani. Mwana alikuwa na fedha, alikuwa na jina, lakini jina halikumfungulia mama njia.

Ndipo alipojenga hospitali Kinshasa, katika mtaa wa Masina wenye watu wengi, yenye vitanda 300, akaipa jina la mama yake. Alitoa zaidi ya dola milioni 15 za mali yake mwenyewe. Ilifunguliwa kwa sherehe mwaka wa 2006, na mwaka uliofuata ikaanza kupokea wagonjwa. Mganga hakuwa, lakini waganga walipata mahali pa kufanyia kazi. Naye alijua namna ya kuzungumza na wakubwa wa serikali na wa mabenki, kwa sababu alikuwa ameketi katika ofisi zao tangu ujana. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, mwenye umri wa miaka 58.

Chuo nacho kilikumbushwa deni lake. Tarehe 18 Aprili 2017 wakuu wa Georgetown na wa Wajesuiti waliomba msamaha mbele ya wazao wa wale 272. Jumba lililokuwa na jina la Padri Mulledy likapewa jina la Isaac Hawkins, mtumwa aliyetajwa wa kwanza katika hati ya mauzo. Miaka miwili baadaye, Aprili 2019, wanafunzi wenyewe walipiga kura. Swali lilikuwa: je, kila mmoja wetu akubali kutoa dola 27 na senti 20 kila muhula ili kuwasaidia wazao wale? Hesabu ile ilichaguliwa kwa kuwakumbuka wale 272. Karibu theluthi mbili za waliopiga kura walisema ndiyo. Wakuu wa chuo hawakuigeuza kura ile kuwa karo ya lazima; waliahidi kutafuta fedha kwa njia ya michango. Hata hivyo tusipite upesi hapo. Vijana wa miaka 18 na 20, ambao hawakumuuza mtu, walisema: shule tunayosoma ililipiwa na wengine kwa machozi, basi na sisi tuna deni.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa. Siku hizi mtoto wa Maniema halazimiki kuvuka bahari ili asome. Vyuo vikuu viko Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, na hata kwetu Kindu na Kasongo vimefika. Kila anayekaa katika viti vile, yuko mtu aliyemlipia: mama wa mchele, mjomba wa nauli, mwalimu wa msingi aliyefundisha miezi mingi bila mshahara.

Basi, ninyi wazazi, mkimwandikia mtoto wenu aliye chuoni, msimwulize alama za mtihani tu. Mwulizeni maneno matatu. Kwanza: umefanya mazoezi ya kazi wapi, na nani alikusahihisha? Pili: unacheza na nani, na je, unajua kumpa mwenzako mpira? Tatu: ukimaliza, utaanza kulipa wapi? Swali la tatu asipoweza kulijibu mwaka wa kwanza, msimkasirikie. Lakini mwulizeni tena mwaka wa pili.